Darubini ya 8×42 kwa kazi moja tu: kuwajua mwewe, kozi na tai wakiwa angani

Darubini nyingi husifiwa kwa mambo yasiyonihusu. Utaambiwa inaonyesha kila unyoya wa ndege mdogo aliyetua kichakani hatua chache mbele yako. Ni sifa nzuri, lakini ndege ninayemtafuta mimi haji kichakani. Yuko juu, yuko mbali, anaonekana mweusi kwa sababu anga lililo nyuma yake ni jeupe, na baada ya dakika moja au mbili atakuwa amevuka mgongo wa kilima na kwenda zake. Kwa hiyo maoni haya ni ya kazi moja tu: kumtambua ndege mbuai wa porini akiwa hewani. Yapo mengine ambayo darubini hii inayafanya vizuri, ila sitayapa nafasi.

Niliyo nayo ni 8×42 ya daraja la kati, yenye prizma (vipande vya kioo vinavyopinda njia ya mwanga ndani ya mrija) za paa, yaani zile zinazoiacha mirija yote miwili inyooke. Zile za mabega mapana, ambazo wengi wetu tuliziona kwanza kwa wazee, zinatokana na mpangilio wa prizma wa Mwitaliano Ignazio Porro, aliouandikishia hataza mwaka 1854. Kampuni sitaitaja. Darubini za umbo hili hutengenezwa na wengi, na ninayoyasema yanatokana na vipimo na aina ya vioo kuliko jina lililochapwa ubavuni. Inakuza mara 8. Kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Ukitazama kitu kilicho umbali wa mita 1,000, unaona eneo lenye upana wa mita 140 hivi. Ina uzito wa gramu 700 na ushee, na ndani imejazwa nitrojeni ili vioo visishike ukungu unapotoka kwenye baridi ya alfajiri. Kati ya namba zote hizo, ninayoithamini kuliko zote kwa kazi hii ni 140.

Mpwa wangu, ambaye siku hizi haniachi niende peke yangu, aliniuliza swali la kila anayeanza. "Mjomba, kwa nini hukuchukua ya mara 10? Si ingemleta karibu zaidi?"

Ingemleta, ndiyo. Lakini ya mara 10 ya daraja hilihili huonyesha upana wa mita 110 hadi 115 tu kwa umbali uleule. Ndege akiwa ametua juu ya mti mkavu, upungufu huo hutauhisi. Utauhisi kozi anapokatiza bonde. Huyu akijitupa kutoka juu kumfuata njiwa anaweza kupita kilomita 300 kwa saa, na hata katika mwendo wake wa kawaida anatoka nje ya duara lako kabla kidole hakijafika kwenye gurudumu la kurekebishia. Tena mkono wa mtu hutetemeka, na darubini huukuza mtetemo kwa kiasi kilekile inachomkuza ndege. Umepanda mteremko, moyo unadunda, upepo unakupiga ubavuni: mara 10 inakupa ndege mkubwa anayerukaruka ndani ya kioo, mara 8 inakupa ndege mdogo kidogo aliyetulia. Mimi nachukua aliyetulia, kwa sababu aliyetulia ndiye ninayeweza kumsoma.

Na kumsoma ndiyo kazi yenyewe. Ndege mbuai hajulikani kwa unyoya mmojammoja. Rangi zake hubadilika kwa umri, kwa jinsia, na mara nyingi hata kati ya ndege na ndege wa aina ileile. Shakivale wa Ulaya na Asia, ndege mbuai mwenye mabawa mapana, anaweza kuwa wa kahawia nzito karibu na weusi, na mwenzake anayetaga msitu uleule akawa mweupe kifua kizima. Tai wakubwa huchukua miaka 4 au 5, wengine zaidi, kufikia manyoya ya utu uzima. Tai mwenye kichwa cheupe wa Amerika Kaskazini, yule aliye kwenye nembo ya Marekani, huwa na kichwa cha kahawia kwa miaka yake ya mwanzo, na weupe hukamilika karibu na mwaka wa tano. Anayetafuta kichwa cheupe peke yake atawaacha vijana wote wapite bila majina. Juu ya hayo, ndege akiwa anabadili manyoya huwa na mapengo kwenye mabawa, na ncha iliyokuwa kali huonekana butu. Kinachobaki cha kuaminika ni umbo la jumla, urefu wa mkia ukilinganishwa na upana wa mabawa, namna mabawa yanavyoshikwa wakati hayapigi, na mdundo wa mapigo. Hayo hayaonekani kwa kutazama mara moja na kupoteza. Yanataka sekunde nyingi mfululizo, na sekunde hizo unapewa na upana.

Chukua mwewe. Ndiye ndege mbuai ambaye watu wengi duniani wanakutana naye kwanza, maana mwewe mweusi na jamaa zake wameenea Afrika, Ulaya, Asia mpaka Australia. Mabawa yake ni marefu na yamepinda kidogo kwenye kiwiko. Mkia una mpasuko, na hautulii: anausokota huku na huku kama usukani wakati mabawa yako kimya. Tatizo ni kwamba akiukunjua mkia wote anapozunguka, mpasuko hupotea, ncha inaonekana imenyooka, na hapo ndipo anapopachikwa jina la shakivale. Kwa darubini hii nampata kwenye duara, namwacha azunguke humohumo ndani, nangoja afunge mkia. Sihitaji kumkimbiza. Mzunguko wa pili au wa tatu anausokota, na shauri limekwisha. Wakati mwingine nampata akila hewani: anainamisha kichwa, analeta mguu mbele, anamega, anaendelea kuruka. Mpwa wangu alipoliona hilo kwa mara ya kwanza alinishika mkono akakataa kunirudishia darubini mpaka ndege alipopotea.

Shakivale mwenyewe ni mtu wa duara. Mabawa mapana, mkia mfupi unaofunguka nusu duara, mabawa yameinuliwa kidogo juu ya mwili. Hana papara, na hausokoti mkia. Ukiwa na mashaka kati ya hawa wawili, acha rangi kabisa, tazama mkia tu.

Kozi ni habari nyingine. Mabawa yanachongoka, mapigo ni ya haraka na ya kukaza, na anapoambaa anaonekana mgumu, hana ule ulegevu wa mwewe. Kwa miaka mingi wataalamu walimweka fungu moja na tai. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba kozi na jamaa zake wako karibu zaidi na kasuku na ndege waimbaji kuliko walivyo karibu na tai au mwewe. Mdomo wenye ndoano na kucha kali walivipata kwa njia yao wenyewe. Tangu nilipojua hilo namtazama kwa macho mapya, na kila nikimwona najaribu kuiona tofauti hiyo: ncha ya bawa lake haijagawanyika vidole kama ya tai. Ni ncha moja, safi. Kwa mara 8 inaonekana vizuri hata akiwa mbali. Kozi mkubwa yuko kila bara isipokuwa Antaktika, kwa hiyo ni ndege wa kujifunza mapema popote ulipo.

Kipanga ndiye anayeipima darubini kuliko wote. Mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu, mwili uliotengenezwa kwa kupenya katikati ya miti akimfukuza ndege mwingine. Anachomoka ukingo wa msitu, mapigo machache ya haraka, anaambaa, mapigo tena, ameingia upande wa pili. Muda wote huo ni mfupi kuliko muda wa kusoma sentensi hii. Hapa upana wa mita 140 si anasa. Macho yanabaki kwa ndege, mikono inapandisha darubini, na ndege yuko ndani ya duara au hayumo. Kwa mara 10 niliyoazimwa nilimkuta mara chache sana, kwa hii nampata mara nyingi. Ukishampata, usiuamini ukubwa. Kwa ndege mbuai wengi jike ni mkubwa kuliko dume, na kwa kipanga mdogo wa Ulaya na Asia jike anaweza kufika karibu mara mbili ya uzito wa dume. Anayepima kwa ukubwa tu atasema ameona aina mbili, naye ameona mke na mume.

Kuna jambo lingine la mara 8 ambalo halitajwi sana: kina. Kadiri ukuzaji unavyokuwa mdogo, ndivyo vitu vya karibu na vya mbali vinavyokuwa wazi kwa pamoja bila kugusa gurudumu. Faida yake niliiona kwa wale mwewe wa nyasi, wanaoruka chini sana juu ya mashamba na mabwawa yenye matete, mabawa yameinuka kwa umbo la V, wakiyumba upande huu na huu. Hao hawakai umbali mmoja. Wanakuja, wanapita, wanakwenda, wanageuka. Uso wao una manyoya yaliyopangwa mduara kama wa bundi, kwa sababu wanawinda kwa masikio pia, wakisikiliza panya ndani ya nyasi. Ule mduara wa uso nimeuona kwa darubini hii ndege akiwa anakuja moja kwa moja kwangu, na sikuwa nimezungusha gurudumu.

Wale wanaosimama hewani wanataka uangalifu. Watu wakimwona ndege anapiga mabawa palepale, kichwa kimeganda kikitazama chini, husema ni kozi mdogo, basi. Mara nyingi ni kweli. Lakini mwewe mweupe mwenye mabega meusi hufanya hivyo, tai mla nyoka hufanya hivyo licha ya ukubwa wake, na yule tai mla samaki anayehama mabara hufanya hivyo juu ya maji kabla ya kujitupa. Tofauti iko kwenye kasi ya mapigo na uzito wa mwili: mdogo anatikisa mabawa kwa haraka, tai anayapiga polepole na kwa kina, miguu ikining'inia. Tai mla samaki ana kidole cha nje kinachoweza kugeuka nyuma, kwa hiyo hushika samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, halafu humgeuza samaki kichwa kitangulie mbele ili upepo usimzuie. Samaki akiwa amelazwa hivyo chini ya ndege, huhitaji alama nyingine, na kwa mara 8 samaki huyo anaonekana waziwazi kutoka ng'ambo ya ziwa dogo.

Kuhusu tumbusi na pungu nitakuwa mfupi, maana hao hata darubini dhaifu inawatosha. Tumbusi ni mabawa mapana yenye ncha za vidole na kichwa kidogo mno kwa mwili ule. Pungu mzima ana mkia mfupi kiasi kwamba miguu inatokeza nyuma yake, na anaruka akiyumba kushoto na kulia. Kumbuka tu kwamba pungu kijana ana mkia mrefu kidogo na ni wa kahawia mwili mzima.

Sasa mwanga, ambako darubini nyingi za daraja la chini zinashindwa, na hata hii yangu ina lawama yake.

Ndege aliye mbele ya anga jeupe ni mtihani mkali kwa kioo. Lenzi hupinda rangi mbalimbali kwa viwango tofauti, na zisipokutana mahali pamoja, ukingo wa kitu cheusi huota mstari wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande mwingine. Kwa ndege aliyetua kwenye majani mstari huo hauonekani sana. Kwa tai aliye juu unazunguka bawa zima, na unaziharibu zile rangi chache unazozihitaji: je, manyoya ya chini ya bawa ni ya kutu au ya kijivu, je, kuna doa jeusi kwenye kiwiko cha bawa au hakuna. Dawa yake ni kioo maalumu kinachotawanya rangi kidogo, ambacho kwenye vipimo huandikwa kwa herufi ED. Yangu inacho. Katikati ya duara ndege ni msafi kabisa. Akisogea kuelekea pembeni, theluthi ya mwisho ya njia, zambarau inaanza kuchungulia. Nimezoea kumrudisha katikati kabla sijasema lolote kuhusu rangi, lakini ningependa kusiwe na haja hiyo.

Jambo jingine kwa prizma za paa: mwanga ndani yake hugawanyika sehemu mbili ambazo zisiporekebishwa hukutana vibaya, na picha inapungua ukali. Mwaka 1988 kampuni ya Zeiss ilileta utando wa kurekebisha hilo, na leo darubini za daraja la kati kwa kawaida huwa nao. Muulize muuzaji kabla ya kununua. Kama haupo, tofauti kati ya mistari ya mkia na mkia usio na mistari itakuwa kazi ngumu kuiona.

Lawama yangu kubwa ni mng'ao. Ndege hawa hupanda na hewa moto, na hewa moto huanza kuinuka vizuri ardhi ikishachomwa na jua, kuanzia kama saa tatu au saa nne asubuhi. Kwa hiyo unawatazama wakati jua liko juu, na mizunguko yao hupita karibu nalo. Ndege akiwa upande huo wa anga, nusu ya chini ya duara langu hufifia kwa weupe, rangi zote zinachujuka, na ninabaki na umbo tupu. Umbo linatosha mara nyingi, kwa sababu nilizozieleza, lakini si kila mara. Najisaidia kwa kunyoosha kiganja mbele ya kioo kukinga jua. Darubini bora zaidi hulidhibiti hili kwa rangi nyeusi na vizuizi ndani ya mirija, na ingekuwa yangu kuongeza kitu kimoja kwenye hii, ningeongeza hicho kabla ya chochote kingine. Na hili nalisema kwa msisitizo, hasa kwa wenye watoto: ndege akielekea kwenye jua, shusha darubini. Usimfuate. Jua likipita ndani ya lenzi linaweza kuunguza jicho kwa sekunde, na madhara hayarudi. Mpwa wangu anajua kwamba nikisema "shusha", hakuna mjadala.

Mimi huvaa miwani, kwa hiyo nafasi kati ya jicho na kioo cha nyuma ilikuwa sharti. Hapa ni milimita 17, na vikombe vya mpira vikizungushwa chini naona duara lote. Ikipungua chini ya 15 hivi, mvaa miwani anaona kama kwa tundu, na ile mita 140 aliyoilipia haipati. Wasiovaa miwani wanyanyue vikombe mpaka mwisho.

Gurudumu ni zuri, si legevu, na mzunguko mmoja na kidogo unatosha kutoka karibu hadi mbali kabisa. Kwenye baridi kali linakuwa zito. Vifuniko vya vioo vya mbele vinachomoka ovyo. Mkanda wa shingoni ni mwembamba mno, na kwa anayekaa nusu siku ameinua uso juu, gramu 700 kwenye shingo ni mateso. Nimeubadilisha kwa mikanda ya mabegani inayoshusha uzito mgongoni, na nashauri kila mtu afanye hivyo siku ya kwanza. Ukiweza, lala chali kwenye majani au egemea mwamba. Hakuna kifaa kitakachokupa utulivu kama huo.

Mahali ambapo darubini hii haifai: ndege aliyetua mbali sana. Tai kwenye mwamba ng'ambo ya bonde pana, ukitaka kujua kama ana manyoya mpaka kwenye vidole au miguu mitupu, hapo unahitaji darubini ndefu ya miguu mitatu yenye kukuza mara 20 na zaidi. Watu wanaohesabu ndege mbuai kwenye njia za kuhama, kwa mfano Batumi nchini Georgia, ambako zaidi ya milioni moja hupita kila majira ya kupukutika majani, au Veracruz nchini Meksiko, ambako hupita mamilioni kadhaa, huwa na vyote viwili: ya mkononi ya kuwatafuta, ya miguu mitatu ya kuhakikisha. Anayetembea mashambani akitaka kifaa kimoja, achukue ya mkononi.

Programu za simu zinazotambua ndege kwa picha nazitumia, na sizipingi. Ila picha ya kivuli cheusi angani, iliyopigwa kwa simu, ina habari kidogo mno. Programu haiwezi kuona kwamba ndege yule alikuwa akisokota mkia, au kwamba alipiga mapigo matano kisha akaambaa. Hayo uyaone wewe kwanza, uyaandike palepale kwenye daftari, mkia, mabawa, mdundo, mahali, kisha ufungue simu au kitabu. Ukianza na simu, jina la kwanza litakaloletwa litakuganda kichwani na utaanza kuona alama ambazo hukuziona.

Faida moja ya darubini nzuri ambayo naijali kwa moyo wangu wote ni kwamba inakuruhusu kukaa mbali. Ndege mbuai wengi huacha kiota wakisumbuliwa, na mayai yakipoa au kinda likichomwa na jua mama akiwa hayupo, mwaka mzima wa jozi ile unaweza kupotea, maana mara nyingi hawatagi tena mpaka msimu unaofuata, na tai wakubwa kwa kawaida hutaga yai moja au mawili tu. Ukimkuta ndege anazunguka juu yako akilia bila kukoma, umekaribia mno. Ondoka, mtazame kutoka kilima cha pili.

Na kuwajua kwa majina kuna uzito wake. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa Asia Kusini walianza kutoweka. Waliokuwa wakitembea mashambani na darubini na kuhesabu kila aina kwa jina lake ndio walioweza kuonyesha kwamba aina tatu zilikuwa zinaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90, mojawapo ikiwa tumbusi mwenye mgongo mweupe, ambaye zamani alikuwa wa kawaida kabisa. Mwaka 2004 sababu ilitangazwa: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliyokuwa ikiua figo za tumbusi waliokula mizoga yao. India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Kama hesabu zote zingeandikwa "tumbusi" tu, bila aina, picha hiyo isingepatikana kwa uwazi ule. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwewe ni mwewe, nini tofauti, namsihi ajaribu kutazama kwa kioo safi walau asubuhi moja.

Kwa anayekwenda kununua: usiipime ndani ya duka kwa kusoma maandishi ukutani. Toka nayo nje mchana. Tafuta waya wa umeme au tawi jeusi mbele ya anga jeupe, uliweke katikati, kisha ulisogeze mpaka ukingoni, na uangalie zambarau inaanzia wapi. Geukia upande wa jua, bila kulitazama lenyewe, uone weupe unapanda kiasi gani ndani ya duara. Funga jicho la kulia, rekebisha kwa gurudumu mpaka la kushoto lione vizuri, kisha funga la kushoto na urekebishe la kulia kwa pete yake. Halafu mfuate ndege yeyote anayeruka, hata njiwa, na uone kama anakaa ndani. Muuzaji asipokuruhusu kutoka nayo hata hapo mlangoni, nenda kwa mwingine.